Rangi ya Glasi Iliyobaki Midomoni

Nimestaafu juzijuzi tu, baada ya magoti yangu kuikataa ngazi ya stoo. Wasichana niliowaachia duka wameniomba niwaandikie mambo ya kazi yetu: jinsi ya kuitambua glasi nzuri, jinsi ya kuifungasha, jinsi ya kuongea na mteja mgumu. Nitawaandikia. Ila wasitarajie majigambo. Kila nikikaa kukumbuka maisha niliyoyapitisha kati ya glasi za rangi, kinachonijia kwanza ni aibu. Ziko aibu ndogo za kuchekesha, na ipo nyingine ambayo mpaka leo hunifanya niangalie chini nikipita njia za Mtendeni.

Mimi ni Yustina. Nilizaliwa Urambo, kwa wazazi waliolima tumbaku. Nyumbani tulikunywa maji kwa kata ya kibuyu na chai kwa vikombe vya bati ambavyo vilikuwa vimebanduka rangi kabla sijazaliwa. Kioo cha rangi nilikuwa nimekiona mahali pamoja tu, juu ya mlango wa kanisa letu, vipande vyekundu na vya bluu. Nilijua hicho ni cha Mungu. Haikunijia hata mara moja kwamba mtu anaweza kukinywea maji.

Shangazi yangu aliyekuwa akiishi Tabora mjini ndiye aliyenipeleka kwa Bi Zuwena, mwenye duka la vyombo pale Gongoni. Bi Zuwena alikuwa na asili ya Kiarabu kwa baba na ya Kinyamwezi kwa mama. Akikusifu alikusifu kwa Kiswahili, akikasirika alihamia Kinyamwezi, kwa hiyo ulijua hali ya hewa kabla hata hujaelewa maneno. Siku yangu ya kwanza alinipa kazi nyepesi kabisa: nifute vumbi kwenye glasi za rangi ya asali na kuzirudisha kwenye rafu. Nikaona rafu ni ndogo. Nikazipanga moja ndani ya nyingine, kama tulivyopanga vikombe vya bati kwetu.

Alipokuja mteja, glasi zikagoma kuachana. Nikavuta. Nikazungusha. Nikazibana kati ya magoti nikavuta tena, mteja ananiangalia, shangazi naye bado hajaondoka yupo mlangoni anaona yote.

"Acha," Bi Zuwena akasema. "Ikikwama usiivute. Lete maji ya moto kwenye beseni, na ya baridi kwenye jagi."

Akamimina maji ya baridi ndani ya glasi ya juu, kisha akaichovya ile ya chini kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika mkononi, si wa kuchemka. Akasubiri kidogo. Zikaachana zenyewe bila kelele. Mteja akacheka, shangazi akacheka, mimi nikatamani sakafu inimeze. Hilo ndilo somo langu la kwanza la kazi, na ninyi mnaonisoma mnalijua tayari, kwa sababu nimewafundisha wote kwa sauti ileile ya Bi Zuwena.

Alinifundisha mengine taratibu. Glasi hupokewa kwa chini, mkono mmoja kitakoni, kama unavyompokea mtoto mchanga. Huigongi kwa pete, unaigonga kwa ukucha, na ukisikia mlio mfupi uliokufa ujue kuna ufa hata kama jicho halijauona. Kitambaa kizuri ni cha kanga iliyochakaa, kwa sababu mpya inaacha nyuzi. Na rangi huitazami chini ya taa ya dukani. Unaitoa hadi mlangoni, kwenye jua. Glasi ambayo rangi imo ndani ya kioo chenyewe, kitako chake hukolea kuliko ukingo, kwa kuwa pale kioo ni kinene. Iliyopakwa rangi kwa nje hufanana juu mpaka chini. Vifaa vyetu vyote vya kazi vilikuwa hivyo: ukucha, kanga na mlango.

Mchana wateja wakipungua, Bi Zuwena alipenda kunieleza kwamba Tabora imeanza kupenda kioo cha rangi zamani sana, kabla ya mtu yeyote kufungua duka. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakarudi na vitambaa na ushanga. "Na ushanga ni nini?" aliniuliza. "Ni kioo. Watu wanasahau." Alisema kila sehemu ya njia ile ilikuwa na rangi yake. Hapa walitaka mwekundu, mbele kidogo walitaka mweupe, na mfanyabiashara aliyefika na rangi isiyopendwa alibaki nayo mpaka ikamchosha, kwa sababu wanawake waliikataa. Baadaye nyumba za wenye uwezo zikawa na mirashi, zile chupa za shingo ndefu za kunyunyizia marashi, za kijani au za zambarau, zilizowekwa juu mbali na watoto. Bi Zuwena alikuwa na mmoja wa bibi yake. Hakuwahi kuuuza wala kuutumia. Aliufuta tu.

Ile miaka ya uhaba, sabuni yenyewe ikiwa ya kupanga foleni, watu hawakuacha kupenda rangi. Walikata chupa za bia. Walizungusha uzi uliolowekwa mafuta ya taa, wakauwasha, wakaitumbukiza chupa kwenye maji, shingo ikadondoka, kisha wakasugua ukingo kwenye jiwe. Wakapata glasi ya kijani au ya kahawia, nzito, yenye kukwaruza mdomo wa asiyeangalia. Halafu milango ya biashara ilipofunguliwa zikaja seti: jagi moja na glasi sita, zikiwa kwenye boksi lenye picha ya familia ambayo haijawahi kuonekana Tabora. Msimu wa tumbaku ukiisha, wakulima wa Urambo na Sikonge walikuja na wake zao, mikono bado ina ule weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni, wakasimama mbele ya rafu kimya kama watu walioingia ibadani.

Nimejiuliza sana wanapenda nini. Glasi isiyo na rangi inashika maji vilevile. Nadhani ni hivi: nyumba zetu nyingi ni za rangi ya udongo, sakafu ya udongo, na kiangazi hata majani nje huwa ya udongo. Mtu akiweka glasi nyekundu dirishani, jua likapita, ukutani panatokea kitu ambacho hakikuwepo. Hakimlishi mtu. Lakini mwenye nyumba anakiangalia, na siku inaenda.

Kazi hii ilinipa aibu nyingine ambayo hakuna aliyenionya. Kila nyumba niliyoingia, mama mwenye nyumba alikimbilia kabati. Nilikuwa Yustina wa glasi, basi siwezi kupewa maji kwenye kikombe cha plastiki. Funguo zilitafutwa, watoto walifukuzwa, glasi za wageni zilitolewa na kuoshwa mbele yangu, na mama akaniomba radhi kwamba moja imepungua. Mimi niliyekulia kwenye kata ya kibuyu! Nilikunywa nikiwa nimeinama.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu.

Mume wangu, Festo, alikuwa fundi wa reli. Walipopunguza watu kazini, naye akapunguzwa. Ni mtu asiyeweza kukaa bila shughuli. Alikaa siku chache akirekebisha milango ambayo haikuharibika, kisha akaanza kutembeza biashara kwa baiskeli: kwanza vitana na vioo vya kujitazamia, baadaye akaenda Kahama bila kuniambia anafuata nini. Nilikuwa nimesafiri kwenda Urambo kumuuguza mama. Niliporudi nikakuta anatabasamu kama bwana harusi.

"Nimeingia kwenye biashara yako," akaniambia. "Nimeuza glasi za rangi. Zimekwisha zote. Mtaa mzima wamechukua, mpaka kule nyuma ya Mtendeni. Nyekundu na bluu."

"Umezitoa wapi?"

"Kwa mfanyabiashara mmoja Kahama. Nzuri, mke wangu. Nilitaka nikushangaze."

Nilifurahi. Nilimwona amesimama wima tena, nikafurahi, na haikunijia kuuliza zaidi, maana hakukuwa na hata moja iliyobaki ya kuitazama.

Jumapili iliyofuata, jirani yetu Mama Editha alimfanyia binti yake sherehe ya komunyo ya kwanza. Turubai limefungwa uani, wageni wamejaa, watoto wa komunyo wamekaa mbele na magauni yao meupe. Mama Editha alikuwa amechukua glasi nyingi kwa Festo ili meza ya mbele ipendeze, na kweli ilipendeza. Alitangaza kabisa: "Glasi hizi ni za kwa Yustina wetu." Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikapunga mkono.

Juisi ilikuwa ya ukwaju, kali kidogo, na siku ilikuwa ya joto. Niliona kwanza mdomo wa katekista. Ulikuwa wa bluu. Nikadhani amekula pipi. Kisha mama mmoja wa kwaya akajifuta kwa leso, leso ikawa nyekundu, akapiga kelele akidhani anatoka damu. Halafu wote wakaanza kutazamana. Midomo ya bluu, midomo myekundu, vidole vya bluu. Editha, yule mtoto wa sherehe, alikuwa ameishika glasi yake kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, kisha akajipangusa kwenye gauni. Pale tumboni pakabaki viganja viwili vya bluu.

Mtoto alipoona gauni lake akaanza kulia. Mama Editha hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alikuja na glasi mkononi, midomo yake mwenyewe ina rangi, akaninyooshea.

"Yustina, wewe ndiye mjuzi wa vitu hivi. Hii ni nini?"

Nikaipeleka kwenye jua, pembeni ya turubai, kwa mazoea tu. Juu mpaka chini, rangi ileile. Nikakwaruza kwa ukucha, ikabanduka. Watu wote walikuwa wananiangalia. Upande wa pili wa ua Festo alikuwa amesimama, na nikaona kwenye uso wake kwamba alikuwa hajui. Hakujua kabisa. Akapita katikati ya wageni akatoka nje.

"Imepakwa," nikamwambia Mama Editha. "Si glasi ya rangi. Ni glasi nyeupe, imepakwa."

"Na watoto wamekunywa?"

Nikashika beseni nikaanza kuwanawisha watoto midomo, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeugua, namshukuru Mungu, lakini siku zile tulilala na kuamka na hofu hiyo, na kila mtoto aliyekohoa mtaani nilihisi ni mimi.

Dukani mambo yakawa mabaya. Wanawake walileta glasi walizonunua kwetu zamani, za kweli kabisa, wakataka zilowekwe mbele yao. Wengine walipita wakiita, "Shikamoo rangi!" wakacheka. Nilimwambia Bi Zuwena ninaacha kazi, kwa kuwa ninamharibia jina. Alinijibu kwa Kinyamwezi kwanza, kwa urefu. Aliporudi kwenye Kiswahili alikuwa ameshapoa.

"Utaacha, kisha watu wataendelea kunywa rangi? Nyumba alizouzia mumeo anazikumbuka?"

"Anazikumbuka."

"Basi kamwambie aje."

Tulikuwa na glasi nyuma ya stoo ambazo Bi Zuwena aliziita wajane. Ni zile zinazobaki seti ikivunjika: moja ya kijani, mbili za asali, moja ya zambarau. Hazikuwa na wenzao, na hakuna aliyezitaka. Alimfungulia Festo stoo, akamwambia achukue zote, apite nyumba kwa nyumba, kila glasi aliyoiuza aitoe na kuacha mjane mahali pake. "Na mke wako aende na wewe," akasema. "Watakuamini ukiwa naye." Sijui kama hilo lilikuwa kweli. Nadhani alitaka Festo asitembee peke yake.

Tulitembea na matenga mawili. Festo aliongea kila mlango, mimi nilifungua na kufungasha. Alisema maneno yaleyale: "Niliwauzia kitu nisichokijua. Nisameheni." Kwingine tulikaribishwa tukakaa. Kwingine walitupokea wima. Kwa Mama Editha alikwenda peke yake, alitaka hivyo, akarudi macho mekundu, na mpaka leo sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba Mama Editha alianza tena kunisalimia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa nyuma kabisa ya Mtendeni, chumba kimoja cha tofali za udongo. Alikaa bibi mmoja, Bi Mwanne, mjane aliyeishi kwa kusuka mikeka. Tulimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Huyu si yule wa glasi?"

Glasi zake zilikuwa dirishani, nyekundu na bluu, zimepangwa juu ya kitambaa kilichodariziwa. Jua la mchana lilikuwa linapita, na ukutani, juu ya kitanda chake, palikuwa na madoa mawili ya rangi. Festo alianza maneno yake. Bi Mwanne alimkatiza.

"Rangi inatoka, najua. Iliniachia alama kidoleni siku ileile. Sijazigusa tena."

"Tumekuletea nzuri, bibi," nikasema, nikamtolea mjane wa kijani. "Hii ni ya dukani kwetu. Hii haitoki."

Hakuipokea. Aliiangalia, akaniangalia mimi.

"Dukani kwenu nilikuja. Zamani kidogo. Nilikuwa nimeuza mikeka, nikasema leo na mimi nikanunue bilauri ya rangi. Nikasimama mlangoni. Akatoka mmoja wenu, akaniuliza, 'Bibi, unamsubiri nani?'"

Nikaishusha ile glasi ya kijani.

"Nikamwambia simsubiri mtu. Nikaondoka. Huyu mume wako," akamwelekezea Festo kidole, "alishuka kwenye baiskeli, akatandika gunia chini, akazipanga zote, akaniambia, 'Chagua bibi.' Nikachagua. Nilikaa pale mpaka nikaridhika. Sasa mnataka kunipa moja mnayoitaka ninyi."

Wakati wa tukio lile tulikuwa wauzaji kadhaa dukani. Sikumbuki kama aliyeuliza ni mimi. Nimejitahidi kukumbuka, kwa miaka, na sura ya bibi aliyesimama mlangoni hainijii. Bi Mwanne hakusema ni nani, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Lakini nilijua kwamba swali lile ningeweza kuliuliza, kwa upole kabisa, na kurudi kwenye kazi yangu ya kufuta vumbi. Aibu ya kule uani kwa Mama Editha, mbele ya watu wote wale, ilikuwa nyepesi ukiilinganisha na hii ya chumbani, mbele ya mtu mmoja ambaye hata hakukasirika.

Festo ndiye aliyejua la kufanya. Aliliweka tenga chini. "Basi bibi," akamwambia, "kesho nakufuata na baiskeli. Unakwenda kuchagua mwenyewe."

Bi Mwanne alikuja kweli, amekaa nyuma ya baiskeli upande, kanga mpya mbili, mguu mmoja umeshika mwingine. Bi Zuwena, ambaye nilikuwa nimemweleza yote, alitoka nyuma ya kaunta. Hakuwa na desturi ya kutoka. Alimwamkia Bi Mwanne kwa Kinyamwezi, akamshika mkono, akamwingiza. Bi Mwanne alisita pale kizingitini, akataka kuvua ndala.

"Usivue, dada yangu," Bi Zuwena akamwambia. "Hapa ni dukani."

Bi Mwanne alizigusa zote. Wateja waliingia wakatoka, yeye bado anazungusha, anapeleka mlangoni, anarudisha. Nilimbebea kila aliyoitaka. Mwisho alichukua glasi ya kijani, iliyolingana kabisa na ile niliyokuwa nimempelekea nyumbani kwake, na akaomba maji. Nikamletea. Akanywa polepole mpaka tone la mwisho, na glasi ikiwa bado mdomoni akainua kichwa, akatutazama kupitia kitako chake.

"Jamani," akasema, sauti ikivuma ndani ya kioo, "mmekuwa kijani nyote. Kama majani ya tumbaku."

Festo akacheka, mara ya kwanza tangu sherehe ile. Bi Zuwena akacheka mpaka akashika kaunta. Mimi nilisema nakwenda kutafuta karatasi ya kufungashia, nikaingia stoo, nikakaa kwenye boksi na kulia kwa sauti ndogo ili isifike mbele.

Baada ya muda Bi Zuwena aliniita. "Toka huko, Yustina. Kuna mtu amesimama mlangoni."

Nikajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia glasi. Nikatoka. Alikuwa mwanamke mmoja nisiyemfahamu, miguu ina vumbi, amebeba mtoto mgongoni, ameshika nguzo ya mlango. Sikumuuliza kitu. Nikamwambia, "Karibu ndani."